Binti wa Unguja na Lugha ya Hamburg



Huenda nawe unaye ndugu, jirani, au mtu uliyesoma naye chuoni, ambaye hivi sasa yuko Hamburg, Ujerumani, na kila asubuhi anahudhuria darasa la Kijerumani. Ukimpigia simu kumjulia hali, hakwambii habari za baridi. Hukwambia habari za der, die na das. Vitu vyote vya ulimwengu, asema, vimegawanywa mafungu matatu: vya kiume, vya kike, na visivyo huku wala huku. Jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, lakini msichana, ambaye ungetaraji awe wa kike kuliko wote, amewekwa katika lile fungu la tatu. Nawe humcheka kidogo, ukisahau kwamba sisi wenyewe tuna ngeli ambazo mgeni hulia nazo, na kwamba yeyote aliyesoma Kiarabu japo kidogo anajua kuwa huko nako jua ni la kike na mwezi ni wa kiume.

Kujifunza lugha ya watu wengine ni jambo lililosifiwa tangu zamani. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao na kumwandikia majibu, na Zaid akaeleza kwamba aliyafahamu katika muda wa nusu mwezi. Lakini Zaid alijifunza akiwa Madina, nyumbani kwake, katikati ya watu wake, akiwa na heshima yake na kazi iliyokuwa ikimngojea. Lipo jambo lingine kabisa, nalo ni kujifunza lugha ya watu katika mji wao, huku huna wa kusema naye, na huku mkate wako, nyumba yako na watoto wako vinategemea maneno usiyoyajua. Jambo hilo ndilo ninalotaka tulitazame hapa, nalo si geni kwa watu wa pwani yetu. Zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita binti wa Sayyid Said bin Sultan alikaa katika mji huo huo wa Hamburg akijifunza lugha hiyo hiyo.

Kwanza tuujue mji wenyewe na jinsi ulivyofungamana na Unguja. Hamburg hauko ukingoni mwa bahari kama Mombasa au Tanga. Uko kando ya mto Elbe, mwendo wa kama kilomita 100 kutoka baharini, na meli kubwa hupanda mto mpaka katikati ya mji. Ulikuwa mji wa wafanyabiashara waliojitawala wenyewe, wenye bendera yao na mabalozi wao, tangu kabla haijakuwako dola moja iitwayo Ujerumani. Dola hiyo ilisimama mwaka 1871. Mwaka 1842 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, ukajengwa upya. Mwaka 1849 nyumba ya O'Swald ya Hamburg ilifungua biashara yake Unguja, na nyumba ya Hansing ikafuata. Bidhaa iliyowatajirisha mwanzoni ni kitu ambacho watoto wetu hukiokota ufukoni na kuchezea: kauri. Walizinunua kwa wingi katika pwani yetu, wakazipeleka Afrika ya Magharibi, ambako wakati huo kauri zilikuwa ndiyo fedha ya sokoni, wakazibadili kwa mafuta ya mawese, kisha wakarudi nayo Ulaya. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilifunga mkataba wa biashara na Sultani wa Unguja.

Mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuja Unguja siku hizo alikuwa mgeni katika bandari ya watu, akafanya kama wafanyavyo wageni wenye akili: alijifunza Kiswahili. Miongoni mwao alikuwako kijana mmoja wa nyumba ya Hansing, jina lake Rudolph Heinrich Ruete.

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa kutoka nchi za mbali. Mwenyewe anasimulia kwamba mbele ya baba yao lugha iliyoruhusiwa ni Kiarabu tu, lakini mzee akiisha kugeuza mgongo, nyumba nzima ilivuma lugha za kila namna: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kiswahili. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katika bandari ya ndimi kabla hajaiona bandari ya Hamburg.

Na lipo jambo moja katika utoto wake ambalo ningependa ulishike. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alitaka kuandika. Basi akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akaweka msahafu mbele yake, akaziiga herufi moja moja kwa siri mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumpindua ndugu yao mwingine, Majid, aliyekuwa Sultani, binti huyu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyekuwa karani wa njama, kwa kuwa kalamu aliijua. Njama ilishindwa, naye akabaki na uadui pande zote mbili.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, nami nitayapita upesi. Alipendana na yule Ruete, akawa mja mzito, na mwezi wa Agosti 1866 akatoroka Unguja katika meli ya Kiingereza iitwayo Highflyer mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa, akapewa jina la Emily na kuozwa siku hiyo hiyo, kisha wakasafiri kwenda Hamburg. Habari ya dini yake imeandikwa na watu wengi kwa ukali na wengine kwa furaha. Mimi siko katika hao wala katika hao. Moyo wa mtu una Mwenyewe auonaye. Ila itoshe kusema kwamba siku ile alipoteza jina, mji na jamaa kwa pamoja, na kilichobaki mkononi mwake ni lugha mbili ambazo Hamburg nzima hazikuwa na thamani ila kwa mtu mmoja tu, mume wake, ambaye alizungumza naye Kiswahili.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mume ni mfanyabiashara. Asubuhi huenda ofisini, jioni hurudi. Kuanzia asubuhi mpaka jioni mwanamke huyu yumo katika nyumba kando ya maji ya Alster pamoja na watumishi asioweza kuwaagiza hata gilasi ya maji. Nyumba ya Unguja ilijaa watu usiku na mchana na milango ilikuwa wazi. Nyumba ya Hamburg milango ilifungwa kwa sababu ya baridi. Wageni waliokuja kumtazama walikuja kweli kumtazama, kama mtu atazamavyo kitu kilicholetwa na meli. Mtu asiyejua lugha ya mji haonekani kuwa na akili, hata akiwa na akili ya watu kumi. Hili kila aliyesafiri analijua.

Akajifunza. Na tujaribu kupima ugumu wa kazi yenyewe. Yeye alizoea kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Sasa mkono ulipaswa kugeuka. Kisha herufi za Kijerumani za siku hizo hazikuwa hizi tunazozijua. Vitabu vilichapwa kwa herufi nzito zenye pembe pembe, na barua ziliandikwa kwa mwandiko wa namna nyingine, ambao ndani yake herufi e ilifanana sana na n, hata Wajerumani wa leo wengi hawawezi kusoma barua za mababu zao. Maandishi hayo yaliachwa mashuleni mwaka 1941. Na lugha yenyewe mjini Hamburg ilikuwa mbili. Kulikuwa na Kijerumani cha vitabuni, na kulikuwa na kile cha wenyeji wa kaskazini, kilichosemwa na wachukuzi, mabaharia, wauza samaki na vijakazi, ambacho Mjerumani wa kusini hakukifahamu vizuri. Mgeni alijifunza moja kwa mwalimu akasikia nyingine jikoni. Ni kama mtu asomeshwe Kiswahili sanifu kisha ateremshwe Amu siku ya sokoni.

Lakini mambo mengine yalimpokea. Ile sauti ya kh ambayo Waingereza huikohoa kwa taabu, mtu wa Kiarabu anayo kooni tangu kuzaliwa. Na katika kuhesabu, Mjerumani hasemi ishirini na moja. Husema moja na ishirini, kama asemavyo Mwarabu. Mswahili wa leo aliyepita chuoni hufurahi afikapo somo hilo, kwani angalau hapo mambo hayakugeuka.

Saa ndiyo humshinda. Mjerumani akitaka kusema saa mbili na nusu kwa saa za Kizungu, husema nusu ya tatu, maana ile saa ya tatu imefika nusu yake. Kwetu wakati huo ni saa nane na nusu. Basi kwa wakati mmoja huyo mwanafunzi ana tatu masikioni, mbili ukutani na nane moyoni. Akichelewa miadi, mwenyeji husema ni tabia ya watu wa kusini.

Salme alikuwa hajatimiza miaka mitatu na nusu Hamburg msiba ulipompata. Mwezi wa Agosti 1870 mume wake aliangukia chini ya gari la abiria lililovutwa na farasi, akafa baada ya siku chache. Yeye mwenyewe hajafika miaka ishirini na sita, na ana watoto watatu, mdogo wao hata mwaka hajafikisha. Mtu pekee aliyezungumza naye Kiswahili katika mji ule amezikwa. Tangu siku hiyo kila alilohitaji duniani, kuni, mkate, daktari, pango la nyumba, lilipita katika Kijerumani. Na si Kijerumani cha jikoni tu. Mambo ya mali na ya watoto yalitiwa mikononi mwa wasimamizi, kama desturi ya Hamburg ilivyokuwa kwa wajane, na makaratasi yao yalikuwa ya lugha ya mahakamani, ambayo ni ngumu hata kwa mwenyeji. Ni hapo, nadhani, ndipo darasa lake lilipoanza kweli. Mali ilipungua, mwaka 1872 akahama kwenda Dresden, ambako maisha yalikuwa rahisi zaidi, kisha miji mingine, mpaka Berlin. Alijaribu kudai urithi wake Unguja asiupate. Akawa anafundisha Kiarabu apate riziki. Yule aliyeiba elimu ya kuandika kwa mfupa wa ngamia sasa aliuza herufi zile zile kwa Wajerumani.

Mwaka 1886 kilitoka Berlin kitabu chake cha maisha yake, kwa Kijerumani. Mwenyewe aeleza kwamba alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua lolote juu ya asili ya mama yao, akihofu kwamba atakufa kabla hawajawa wakubwa wa kuelezwa. Hapa ningekuomba usimame kidogo. Watoto wale walikulia Ujerumani na lugha yao ilikuwa Kijerumani. Mama alitaka kuwaeleza habari za Mtoni, za bibi yao, za karafuu zikianikwa, za jinsi Idi ilivyokuwa ikisherehekewa. Mambo hayo yote yalikaa kichwani mwake kwa Kiarabu na Kiswahili. Ili wanawe wamjue mama yao ni nani, ilimlazimu ayabebe moja moja ayavushe katika lugha ile iliyomliza katika nyumba ya Hamburg. Kama asingejifunza kuandika kwa siri, na kama asingejifunza Kijerumani kwa dhiki, watoto wasingejua, wala sisi tusingejua. Sehemu kubwa ya yale tuyajuayo juu ya maisha ya ndani ya majumba ya Unguja katika zama za Sayyid Said tunayajua kwa kitabu hicho, na huhesabiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa ambamo mwanamke wa Kiarabu alisimulia maisha yake mwenyewe.

Si kwamba kila lililomo ni la kusifiwa. Aliutetea utumwa wa nyumbani kwao, na aliwataja watu weusi kwa maneno ya dharau ambayo yanachoma hata leo. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina lake. Watu wakayasoma maneno hayo, ikaonekana jina halifai, likaamuliwa liondolewe. Naona walifanya haki. Mtu anaweza kudhulumiwa katika nchi moja huku ameridhika na dhuluma ya nchi nyingine, na kujua lugha nyingi hakumponyi ugonjwa huo.

Zaidi ya kitabu kile aliandika pia barua ndefu juu ya maisha yake Ujerumani, kana kwamba anamwandikia rafiki wa kike aliyebaki Unguja. Aliziandika kwa Kijerumani. Rafiki yule, kama alikuwako, asingeweza kusoma hata mstari mmoja. Barua hizo hazikuchapwa katika uhai wake. Zilihifadhiwa Leiden, Uholanzi, zikatoka kwa Kiingereza mwaka 1993 na kwa Kijerumani chenyewe mwaka 1999. Mwanawe Rudolph alikuja kuandika kitabu juu ya babu yake, Sayyid Said, kilichochapwa London mwaka 1929, nacho alikiandika kwa Kiingereza. Salme mwenyewe alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na kijifuko cha mchanga wa Unguja alichokuwa amekihifadhi.

Serikali ya Ujerumani ilimkumbuka pale tu ilipomhitaji. Mwaka 1885 manowari zake zilikuja Unguja kumshurutisha Sayyid Barghash akubali Wajerumani kushika nchi za bara, na Salme akaletwa katika safari hiyo, madai yake yakiwa kama silaha ya akiba. Barghash alipokubali, madai ya dada yake yakawekwa kando. Huo ndio wakati mlango ulipogeuka. Mfanyabiashara wa Hamburg aliyejifunza Kiswahili kwa heshima ya mgeni, sasa watoto wake walikuja kujifunza Kiswahili ili watawale. Mwaka 1887 lilifunguliwa Berlin darasa kubwa la lugha za mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa maofisa na makarani. Mwaka 1892 ilifunguliwa shule ya serikali Tanga, ambako vijana wa pwani walifundishwa kusoma kwa herufi za Kilatini ili wawe makarani na maakida, na waliofika madarasa ya juu walionjeshwa Kijerumani. Kutoka zama hizo tumebakiwa na neno shule lenyewe, na hela, ambayo ilikuwa sarafu yao ndogo iliyotolewa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Nyingi za lugha zao zilizobaki zimesahauliwa, lakini fedha na shule haviachi kutajwa.

Na walimu wa Kiswahili huko Ujerumani walikuwa akina nani? Baadhi yao ni watu wa kwetu. Aliyejulikana zaidi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa kama mwaka 1869 karibu na Bagamoyo, mtu aliyesoma elimu ya dini. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha, na humo akaandika habari za desturi za Waswahili, kitabu kilichotolewa na Profesa Velten mwaka 1903 ambacho mpaka leo mtafiti wa mambo ya pwani hawezi kukikwepa. Mwalimu huyu naye alijifunza Kijerumani kwa kukaa nacho. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata alitaka kurudi nyumbani na mkewe. Meli ilifika Dar es Salaam, lakini wakuu wa serikali hawakukubali mume mweusi na mke mweupe washuke pamoja, wakalazimika kurudi Ujerumani.

Umeona mfanano? Binti alitoka Unguja kwa sababu ya ndoa, asiweze kurudi. Mwalimu alitoka Bagamoyo kwa ajili ya kazi, akazuiwa kurudi kwa sababu ya ndoa. Wote wawili walijua lugha ya wenyeji wao barabara, na lugha haikuwafungulia mlango ule.

Mwaka 1908 Hamburg nao ulifungua chuo chake cha mambo ya makoloni, na kuanzia 1909 mpaka 1913 Mtoro alifanya kazi huko pamoja na Profesa Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu. Cheo walichopewa Waafrika katika chuo hicho kilikuwa ni msaidizi wa lugha. Profesa alikuwa Mjerumani. Msaidizi alikuwa yule ambaye lugha ni ya mama yake. Mtoro aliachana na chuo hicho kwa mzozo, akaishi kwa kutoa hotuba mji kwa mji, hotuba za Kijerumani, mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Chuo kile cha makoloni ndicho kilichokuwa mmoja wa mizizi ya Chuo Kikuu cha Hamburg, kilichoanzishwa mwaka 1919, na Kiswahili kimeendelea kufundishwa humo.

Baada ya Vita Kuu vya pili Ujerumani Magharibi iliishiwa na watu wa kazi. Mwaka 1961 ilifunga mkataba na Uturuki, na baadaye na Moroko na Tunisia, ili iletewe wafanyakazi. Walikuja kwa maelfu, wengi wao Waislamu, na Hamburg iliwapokea katika viwanda vya meli na viwanda vya samaki. Jina walilopewa lilikuwa wafanyakazi wageni, maana yake watarudi. Kwa kuwa watarudi, hapakuwa na haja ya kuwafundisha lugha; neno la mashine, neno la msimamizi na neno la dukani vilitosha. Mwaka 1973 serikali ilisimamisha kuleta watu. Wengi hawakurudi, wakaleta wake na watoto. Hapo ndipo ilipozuka ile hali ambayo mpaka leo huwatia haya wazee wengi: mtoto wa miaka minane anakwenda na baba yake kwa daktari, yeye ndiye anayemweleza baba ugonjwa alio nao. Mtoto hubeba siri asizostahili kubeba, na baba hupungua mbele ya mwanawe. Kisha baada ya miaka thelathini, mtu yule yule ambaye hakufundishwa alilaumiwa kwa nini hajui.

Sheria ilikuja mwaka 2005, ikaweka darasa rasmi kwa wageni wakazi: vipindi 600 vya lugha, na vipindi 30 vya sheria na historia ya nchi, ambavyo viliongezwa polepole mpaka 100 mwaka 2016. Shabaha ni kufika daraja wanayoiita B1, yaani mtu aweze kujieleza mwenyewe katika mambo ya kila siku, aandike barua fupi, aelewe anaposemeshwa taratibu. Darasani Hamburg utamkuta Msomali, Mwafghani, Mshami, Muukraine na kijana wa Mombasa wameketi meza moja, na lugha yao ya pamoja ni Kijerumani kilichovunjika, ambacho si haba. Nje ya dirisha ni ile bandari ya O'Swald, na salamu inayosikika mtaani asubuhi na usiku ni ile ya watu wa kaskazini, moin, ambayo huenda kitabu cha darasani hakikumfundisha.

Sasa nikuambie wewe uliye na mtu huko, au unayejiandaa kwenda. Vipindi 600 si vichache lakini haviishi kazi. Humfikisha mtu dukani na kwa jirani. Havimfikishi kwenye barua ya mahakama, ya kodi wala ya mwenye nyumba. Barua hizo zimeandikwa kwa lugha ambayo Salme aliijua baada ya kufiwa, na hapana ubaya kumpelekea mtu anayezijua kabla ya kutia sahihi. Mke asiachwe nyumbani mume akienda darasani. Ajiandikishe siku ile ile, kwani yeye ndiye atakayeitwa shuleni kwa watoto na kliniki kwa mchanga. Mkiwa na watoto, wachieni shule iwafundishe Kijerumani, nayo itawafundisha vizuri kuliko ninyi. Nyumbani wasemesheni Kiswahili, hata wakijibu kwa Kijerumani, na mwenye kujua kuandika awaandikie kwa Kiswahili majina ya mababu na miji yao wangali wadogo.